Ua Dogo la Mvua za Kwanza

Mwishoni mwa kiangazi, nyanda za Shinyanga na Geita huonekana kana kwamba zimekufa. Nyasi zimeliwa na mifugo au zimeungua, na udongo wa kichanga, ambao Wasukuma huuita luseni, umekauka. Lakini mvua za vuli zinapoanza, mimea midogo ya jenasi Ledebouria huchomoza na kuchanua.

Jenasi hiyo imepewa jina la mtaalamu wa mimea Carl Friedrich von Ledebour (1785–1851). Spishi zake nyingi humea Afrika, na mojawapo, Ledebouria revoluta, imeenea hadi India. Majani yake hukaa karibu na ardhi, na mara nyingi huwa na madoa ya zambarau. Maua ni madogo, ya rangi ya kijani iliyochanganyika na waridi au zambarau.

Mmea huu huishi kwa tunguu, yaani shina fupi lililofunikwa na magamba manene, mfano wa kitunguu cha jikoni. Magamba hayo huhifadhi maji na chakula. Kwa kuwa tunguu limo ardhini, moto wa nyasi hupita juu yake, na kwato za ng'ombe haziliharibu kwa urahisi. Hata hivyo, akiba hiyo hutumika kila mwaka, na majani ndiyo huijaza upya wakati wa mvua. Majani yakiliwa au kukanyagwa kila masika, tunguu hudhoofika.

Hapa ndipo hekima ya ngitili inapodhihirika. Kwa desturi ya Wasukuma, sehemu ya malisho hufungwa mvua zinapoanza, ikafunguliwa kiangazi kinapokuwa kikali. Lengo ni nyasi za mifugo, lakini majani ya matunguu nayo hupata muda wa kufanya kazi yake. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioendeshwa tangu 1986 hadi 2004, ulifufua desturi hiyo, na zaidi ya hekta 300,000 zikarudishiwa uoto.

Adui asiyezuiliwa na tunguu ni kufukuliwa. Jembe hulitoa juani. Na katika machimbo ya Geita, kifusi cha maduara huligeuza au kulifukia chini sana. Kwa hiyo ukanda wa nyasi usiolimwa kando ya shamba, au ngitili iliyoachwa bila kuchimbwa, ni ghala la mbegu na matunguu. Wananchi wasiyale, kwani baadhi ya spishi zina sumu.