Mchawi, Malaya, Mla Watu: Nani Aliwapa Hayo Majina?



Uliza mwanafunzi yeyote wa hapa Misisi akutajie mashujaa wa Congo. Atakupa Lumumba, Kimbangu, Mulele, na mtu wa Fizi ataongeza wazee wake mwenyewe. Muulize sasa wanawake. Wengi watafikiri kwanza, na jina likipatikana, mara nyingi linakuja na sifa mbaya nyuma yake: yule alikuwa mchawi, yule alikuwa malaya wa wakubwa, yule alikula watu. Mimi naona kuchunguza hiyo sifa njo kazi yetu sisi tuliosoma. Nani aliisema kwanza? Na alikuwa anatafuta nini?

Tuanze na Kimpa Vita, aliyebatizwa Beatriz. Alizaliwa karibu mwaka 1684 katika ufalme wa Kongo, na ufalme wenyewe ulikuwa umekwisha kuvunjika. Tangu vita ya Mbwila ya 1665, ambamo mfalme aliuawa na jeshi la Wareno, jamaa za kifalme ziligombania kiti bila kuchoka. Mji mkuu, Mbanza Kongo, ulibaki magofu. Watu waliokamatwa katika hizo vita waliuzwa utumwani kwenye meli za Wazungu.

Mwaka 1704, huyu msichana wa miaka kama 20 alitokea akisema kwamba Mtakatifu Antonio amemwingia. Alihubiri kwamba Yesu na Maria walikuwa Wakongo, na kwamba wakubwa waache vita warudi kujenga mji. Hakuwangoja. Alienda mwenyewe, na watu wengi walimfuata, wakaanza kukaa tena ndani ya yale magofu.

Hapo njo shida ilipoanza. Mapadri Wakapuchini kutoka Italia walisema ni mzushi na ana pepo mbaya. Alikamatwa kiisha kuzaa mtoto, na tarehe 2 Julai 1706 akachomwa moto. Mtoto alinusurika. Sasa angalia vizuri: karibu yote tunayojua juu yake iliandikwa na hao mapadri, Bernardo da Gallo na Lorenzo da Lucca, wale wale waliotaka ahukumiwe. Ni kama kesi ambamo mshitaki ndiye hakimu, na ndiye pia karani. Lakini ukisoma polepole hata hayo maandishi yao, unaona mtu aliyetaka vita iishe na mji ujengwe. Mchawi gani anajenga mji?

Turuke miaka zaidi ya 200. Andrée Blouin alizaliwa 1921 katika Oubangui-Chari, leo Jamhuri ya Afrika ya Kati. Baba Mfaransa, mama Mwafrika. Akiwa na miaka 3 alipelekwa Brazzaville, kwa nyumba ya watawa walimofungiwa watoto wa machotara. Akakua, akaolewa, akazaa. Mwaka 1946 mtoto wake René, wa miaka 2, alishikwa na malaria. Dawa ya kwinini ilikuwepo, lakini ilikuwa ya Wazungu, na huyu mtoto alikuwa na damu ya Kiafrika. Akanyimwa, akafa. Blouin mwenyewe alieleza baadaye kwamba hicho kifo njo kilimwingiza katika siasa.

Alifanya kampeni Guinea pamoja na watu wa Sékou Touré. Mwaka 1960 akaja Congo, kwa chama cha PSA cha Antoine Gizenga na Pierre Mulele. Huyo Mulele, sisi wa Fizi tunamjua: wazee wetu bado wanasimulia kilio cha Wasimba, «Mai Mulele». Blouin alizunguka vijiji vya Kwilu akiandikisha wamama katika chama, akiwaambia juu ya shule, afya na heshima yao. Kiisha uhuru akawa mkuu wa protokole wa Lumumba.

Magazeti ya Magharibi yalimwitaje? Kahaba wa viongozi. Mkomunisti. Mwanamke hatari nyuma ya Lumumba. Mwaka ule ule akafukuzwa Congo. Alikataa hilo jina la ukomunisti mpaka mwisho, na kitabu cha maisha yake kilitoka 1983, miaka 3 mbele ya kufa Paris. Miaka mingi watu wachache tu walikijua.

Linganisha hapo. Gizenga na Mulele walifanya kampeni ile ile, katika chama kile kile. Wao pia walitukanwa, lakini walitukanwa kwa siasa yao. Hakuna aliyeuliza wanalala wapi. Kwa mwanamke, adui hakujibu hoja yake, alimchafua kitanda.

Lakini tusidanganyane. Kurudilia historia si kupaka kila mwanamke rangi nyeupe. Mchukue malkia Nzinga wa Ndongo na Matamba, aliyekufa 1663. Padri Cavazzi aliandika juu yake mambo ya kutisha, ya damu na ya kula watu, na Ulaya ilirudilia hayo masimulizi miaka mingi. Tuyapime kwa mashaka, ndiyo. Ila Nzinga aliyepigana na Wareno njo Nzinga pia aliyeuza watumwa. Yote mbili ni kweli. Mfalme mwanaume tunamruhusu kuwa mkubwa na mwenye makosa kwa wakati mmoja. Mwanamke tunamtaka awe mtakatifu ao shetani. Haki ni kumpima kwa kilo ile ile.

Kwa hiyo, ukikutana na mwanamke mwenye jina baya katika kitabu ao katika masimulizi, uliza maswali matatu. Nani aliandika ao alisema, na alikuwa upande gani? Huyo mwanamke alikuwa anagusa kitu gani: kiti, udongo, pesa, imani? Mwanaume aliyefanya vile vile aliitwaje?

Haya maswali hayaishii kwa watu wa zamani. Hapa kwetu maisha ni dhahabu. Katika machimbo mengi ya Kivu ya Kusini bado wanasema mwanamke akikaribia shimo dhahabu inakimbia. Kanuni za migodi zinakataza mwanamke mwenye mimba kuchimba. Hazikatazi mwanamke juu tu ni mwanamke. Lakini ile imani inamwacha nje ya shimo, kwenye kubeba mawe, kuyatwanga na kuosha mchanga, kazi nzito yenye malipo madogo. Akipata pesa akaanza kununua dhahabu mwenyewe, watauliza amelala na nani. Akizeeka mujane, na shamba lake ni zuri, siku mtoto wa jirani akigonjwa kuna mtu atasema «mchawi». Jaribu hapo swali la pili: nani atabaki na lile shamba? Hilo jina linaweza kumfukuza mama katika kijiji, linaweza hata kumuua, sawa vile lilimuua Kimpa Vita.

Wewe mwenye TFC ao memwari ya kuandika mwaka huu, usiende mbali kutafuta sujet. Kaa na mama mzee wa kwenu. Muulize wamama wa wakati wa Wasimba walifanya nini, nani alificha watoto, nani alilisha watu msituni, nani aliitwa jina baya na juu ya nini. Andika na tarehe, andika na kijiji, na usikie pia upande wa wale waliomsema vibaya. Wale wazee wanapungua kila mwaka. Tusipoandika sisi, yatakayobaki juu ya hao wamama ni yale waliyosema maadui wao.