Manemane, utomvu wa kichaka cha miiba

Ingia duka la dawa za asili, liwe la Mombasa au Kariakoo, uombe manemane. Utapimiwa vibonge vikavu vya rangi ya kahawia iliyoiva wekundu, vyenye vumbi juu. Kivunje kimoja: ndani kunang'aa mafuta, na pengine utaona michirizi myeupe. Sasa kitafune. Kitanata menoni kwanza, kisha uchungu utapanda, nao hauna haraka ya kuondoka. Waarabu huiita murr, neno la shina moja na uchungu.

Vibonge hivyo ni utomvu wa mmanemane, unaoota Somalia, Ethiopia, Yemen, Oman na kaskazini mashariki mwa Kenya, kwenye mawe na ardhi kavu. Ukiukuta kiangazi utasema umekufa. Ni mfupi, majani yamepukutika, gamba la nje linabanduka kama karatasi, na vitawi vyake vimechongoka mwishoni vikawa miiba. Lakini gamba hilo likichubuliwa na mnyama, mdudu au kisu cha mchungaji, utomvu wa manjano hutoka na kuziba jeraha. Ukikauka ndipo huwa mwekundu. Wafugaji huubandua na kuupeleka sokoni.

Tangu zamani hutumika kinywani na kwenye vidonda: fizi zinazovuja damu, koo linalowasha, mkato usiotaka kukauka. Ukiuloweka, maji hugeuka kama maziwa, kwa kuwa gundi yake huyeyuka majini, ilhali rezini na mafuta hukataa. Hivi viwili hukubali kileo, ndiyo maana manemane ya maji ya maduka ya dawa hutengenezwa kwa alkoholi. Injili ya Marko inasema Yesu alipewa divai yenye manemane kabla ya kusulubiwa, naye akaikataa. Mwaka 1996 watafiti wa Italia walionyesha, kwa panya, kwamba viambato vyake hutuliza maumivu kwa kugusa njia ileile ya ubongo inayoguswa na afyuni. Panya si binadamu, lakini ile divai ya Marko inaanza kueleweka.

Mmanemane una ndugu wengi, na hapo ndipo wanunuzi hukosea. Mmoja hutoa utomvu ambao kaskazini mwa Kenya huitwa hagar. Wafugaji huuchanganya na maji na kuwapaka mifugo ili kufukuza kupe, na maabara imethibitisha kuwa kupe wa ng'ombe huukimbia kweli. Ni kitu kizuri kwa kazi yake, ila si manemane. Ubani nao hutoka mti mwingine kabisa, japo ukoo ni mmoja. Kwa kufukiza chumba, mimi ningechukua ubani.

Kwa hiyo ukinunua, muulize muuzaji ni utomvu gani na umetoka wapi. Kusukutua kwa kiasi hakuna shida kwa watu wengi. Kunywa ni jambo jingine: mjamzito asiinywe kabisa, kwa kuwa huweza kuchochea mfuko wa uzazi, na anayetumia dawa za kisukari au za kuzuia damu kuganda amwone daktari kwanza.