Picha ya Mnyama Katika Bamba

Katika nchi ya Ankole, mfugaji hahesabu ng'ombe wake kwa idadi peke yake. Kila mmoja humwita kwa jina litokanalo na rangi ya ngozi, madoa au umbo la pembe zake. Aliye mwekundu wa kahawia iliyoiva, mathalan, huitwa Bihogo, na sifa zake hutajwa mbele ya wageni. Hata Mbarara, mji uliopandishwa daraja kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, umemjengea ng'ombe wa pembe ndefu sanamu kando ya njia kuu.

Kusini ya hapo, katika Wilaya ya Isingiro, yapo makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Makazi hayo yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 na yakatambuliwa rasmi mwaka 1960, yakiwapokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya nchi yao. Baadaye walifika Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo, na leo Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha. Mtu akimbiaye vita hubeba mtoto, blanketi na sufuria. Ng'ombe, mbwa wa mlangoni na paka wa jikoni hubaki nyuma, na aghalabu hakuna hata picha moja yao iliyosalimika.

Kwa watu wa namna hiyo, na kwa kila aliyewahi kumpenda mnyama, ipo zawadi moja inayoweza kutengenezwa kwa mikono: sura ya mnyama huyo iliyochorwa katika bamba la metali kwa nguvu ya dawa.

Asili yake ni kwa mafundi wa silaha

Askari wetu watapenda kujua kwamba ufundi huu ulikua katika karakana za silaha. Mafundi wa Ulaya walitumia tindikali kutia nakshi panga na mavazi ya chuma ya vita. Mnamo mwaka 1500 hivi, Daniel Hopfer wa mji wa Augsburg, Ujerumani, aliuchukua ufundi huo akachapa picha kutokana na mabamba ya chuma. Mholanzi Rembrandt naye, mnamo mwaka 1640, alimchora mtoto wa mbwa aliyelala usingizi, katika picha ndogo isiyozidi kiganja cha mkono. Mbwa yule hakuwa na cheo wala historia, lakini watu hawajachoka kumtazama.

Wanyama wa vitani nao wamewahi kuenziwa kwa metali. Mwaka 1943, huko Uingereza, Maria Dickin alianzisha nishani ya shaba kwa wanyama waliotenda ushujaa. Njiwa, mbwa, farasi na hata paka mmoja wameipata.

Namna ya kufanya

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Bamba hupakwa utando wa nta au vanishi usiopenya maji. Mchoraji huukwaruza kwa sindano, mstari baada ya mstari, mpaka metali ionekane. Kisha bamba hutumbukizwa katika dawa. Palipofunikwa hapaguswi, palipokwaruzwa huliwa, pakabaki mfereji mwembamba usiofutika.

Anayeanza na aanze na alumini. Mfuniko bapa wa sufuria kuukuu wafaa, na vyafaa zaidi vibao vyembamba ambavyo mitambo ya ofseti hutumia kuchapia magazeti, kwa kuwa vikishatumika huuzwa kama vyuma chakavu. Bamba lisuguliwe kwa msasa laini, lioshwe kwa sabuni, na mgongo wake upakwe vanishi. Dawa yake ni gramu 50 za mrututu na gramu 50 za chumvi ya mezani katika lita 1 ya maji baridi, ndani ya chombo cha plastiki. Mara vitatokea viputo na tope jekundu. Hayo yafagiliwe taratibu kwa unyoya wa kuku. Bamba litolewe kila baada ya dakika chache na kutazamwa, na ni vema kujaribu kwanza kwenye kipande kisicho na thamani.

Mifereji ikishapata kina, bamba huoshwa na vanishi huondolewa kwa tapentaini. Kinachofuata kila askari anakijua: rangi nyeusi ya viatu husuguliwa juu ya bamba, kisha hufutwa kwa kitambaa. Weusi hubaki ndani ya mistari na uso hung'aa.

Bihogo, hata hivyo, hapendezi katika alumini nyeupe. Yeye anataka shaba nyekundu, ambayo hufanana na ngozi yake. Shaba hailiwi na mrututu; huliwa na kloridi ya feri, dawa ambayo mafundi wa redio hutumia kutayarishia mbao za saketi. Dawa hiyo ni kali zaidi, nayo si ya mtu ambaye hajapata mwalimu. Tena shaba inunuliwe kwa stakabadhi. Nyaya za umeme huibwa na kuuzwa kwa siri, na ndiyo maana mwaka 2022 Uganda iliirekebisha sheria yake ya umeme na kuongeza adhabu. Zawadi njema haitengenezwi kwa mali ya wizi.

Sumu si mchezo

Dawa hizi zina hatari, na hatari yake haiishi kwa fundi peke yake. Alumini ikiliwa hutoa haidrojeni, gesi ishikayo moto upesi. Kwa hiyo kazi ifanyike nje, mbali na jiko na sigara. Glavu na miwani ya kukinga macho ni lazima. Chombo kilichowekwa dawa kisirudi jikoni kamwe, na watoto wasikaribie.

Jambo kubwa zaidi ni maji. Ziwa Nakivale huwapa watu wa makazi maji ya kunywa na samaki, na mrututu huua samaki hata ukiwa kidogo. Mabaki yasimwagwe ziwani, mferejini wala chooni. Dawa itumike tena na tena. Ikichoka, itiwe vipande vya alumini mpaka rangi ya buluu itoweke, kisha maji na tope vifungwe katika dumu lililoandikwa SUMU, hadi vikabidhiwe kwa wahusika wa taka katika halmashauri.

Sura ya nani?

Wengi wajuao kuchora huishia kuchora ng'ombe yeyote na mbwa yeyote. Picha ya namna hiyo ni pambo tu. Mwenye mnyama anamtafuta yule wake: sikio lililochanika, pembe moja iliyolegea, doa la paji la uso, mkia uliopinda. Ikiwa hakuna picha, fundi hana budi kukaa na kusikiliza. Aulize alama zisizobadilika, achore kwa penseli, amwonyeshe mwenyewe, arekebishe, aonyeshe tena. Penseli hufutika, bali bamba halina kifutio. Manyoya yafuatwe kwa mistari mifupi kama yanavyolala mwilini, na katika jicho iachwe nukta moja isiyochorwa, ili mwanga upate mahali pa kukaa.

Anayetaka kumshtukiza mwenzake kwa zawadi hii na afikiri mara mbili. Katika mji wa Gulu, kaskazini ya Uganda, shirika la The BIG Fix Uganda huwaunganisha watu walioumizwa na vita na mbwa waliokosa makao, kwa kuwa mapenzi ya mnyama husaidia kuponya nyoyo. Lakini sura ya ng'ombe aliyechinjwa siku ya kukimbia yaweza kufungua kidonda. Mtu aulizwe kwanza kama anataka kumwona tena.

Anayeulizwa akakubali, na alipwe haki yake fundi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na biashara, na hakuna aibu kupeleka bidhaa yake Mbarara na kuitajia bei. Katika bei hiyo ziingie metali, dawa, nauli, na zile saa za kusikiliza. Wateja wengi husahau kuzihesabu saa hizo, ilhali ndizo zinazomfanya mzee asogeze bamba dirishani, apitishe kidole juu ya paji la uso, na kumtaja mnyama wake kwa jina.