Hasira Iliyotangulia Bunduki
Somo: Mwanzo 4:1–16

Mama mmoja wa hapa Voi aliniuliza baada ya ibada: "Mchungaji, serikali ikizikusanya bunduki zote, vijana wetu watapona?" Nilimjibu kwamba wengi watapona. Sikuweza kusema wote.

Sisi tunaokaa kando ya Tsavo twaijua bunduki. Katika miaka ya 1970 na 1980 wawindaji haramu waliua maelfu ya ndovu humu, na watu nao wakafa porini kwa ajili ya pembe. Bunduki hazifuliwi Taita. Utawala wa Idi Amin ulipoanguka mwaka 1979, ghala la silaha la kambi ya Moroto, Uganda, lilitekwa, na silaha zikaenea hata kuvuka mpaka. Mwaka 1991 serikali ya Somalia ikaanguka, nyingine nyingi zikatapakaa.

Sheria ya Kenya haimruhusu raia kuwa na bunduki bila leseni, na tarehe 15 Machi 2000 nchi kumi zilitia sahihi Azimio la Nairobi ili kuzipunguza silaha hizi. Ni jambo jema sana. Mwenye hasira akishika fimbo, jirani aweza kumzuia. Akishika bunduki, jirani naye hufa.

Lakini Kaini hakuwa na bunduki. Alikuwa mkulima, na Habili mfugaji. Je, hamjayaona hayo kwetu? Zaidi ya nusu ya kaunti yetu ni mbuga ya Tsavo. Katika sehemu iliyobaki mkulima huamka akakuta mahindi yamelika, mara na ndovu, mara na ngamia wa mgeni, na kijana wake hana shamba wala kazi. Bwana alimwonya Kaini uso wake ulipokunjamana, kabla hawajafika uwandani. Onyo lilihusu moyo, silaha haijatajwa bado.

Wazee wa Kitaita walilijua hilo. Walikuwa na desturi ya kutasa: mtu hupiga funda la pombe, akalitema kwa kupuliza, huku akiitoa kwa maneno hasira iliyo moyoni mwake. Sisi watu wa kanisa tuliiona pombe, nasi tukasahau kuuliza ni kitu gani kilichokuwa kikitemwa. Na Bwana Yesu, katika Mathayo 5, amwagiza mtu aiache sadaka yake madhabahuni, akapatane kwanza na ndugu yake. Twapeana amani kabla ya Meza ya Bwana, lakini nimewaona wawili wanaogombea mpaka wa shamba wakipitana huku wakitazama ukuta.

Nilipomweleza yule mama hayo, alinyamaza kitambo. Kisha akasema mwanawe hajasema na kaka yake tangu shamba la marehemu baba yao lilipogawanywa. Jumatano tulikwenda kwao pamoja. Mmoja alikubali kukaa nasi, mwingine tunamngoja.