Udongo Mkavu Unaponyeshewa

Wilayani Kondoa mvua huwa na msimu mmoja tu kwa mwaka, nayo hukoma yapata mwezi wa Aprili. Kuanzia hapo ardhi hukauka kwa miezi mingi. Mvua za kwanza zinapoanguka, harufu ya udongo husikika kila mahali. Lakini wakati huo huo udongo hutoa pia hewa zisizo na harufu.

Jambo hilo lilichunguzwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na H. F. Birch katika kituo cha utafiti cha Muguga, Kenya. Alionyesha kuwa udongo uliokauka ukiloweshwa tena, vijidudu vyake huishambulia mboji kwa kasi. Kwa siku chache hewa ya ukaa hutoka kwa wingi, na naitrojeni iliyofungwa ndani ya mboji hugeuka naitreti, chakula cha mimea.

Naitreti isipopata mizizi ya kuinyonya, hupotea. Sehemu yake huchukuliwa na maji. Tena, maji yakijaa udongoni na kuifukuza oksijeni, bakteria fulani hutumia naitreti badala yake, na kutoa hewa iitwayo naitrasi oksaidi. Uzito kwa uzito, katika miaka 100, hewa hii hunasa joto la dunia zaidi ya mara 250 kuliko hewa ya ukaa.

Mbolea za chumvichumvi hufuata njia hizo hizo. Kwa makadirio ya dunia nzima, katika kila kilo 100 za naitrojeni itiwayo shambani, kilo 1 hivi hutoroka kwa sura ya naitrasi oksaidi. Penye mvua nyingi hasara huzidi. Penye ukavu hupungua.

Je, mkulima wa Kondoa aache mbolea? La. Ardhi yake ilikwisha poteza mboji nyingi kwa mmomonyoko. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256, ndipo majani na miti vikaota tena. Ardhi yenye njaa yahitaji kulishwa. Lililo muhimu ni wakati. Mkulima apande mapema, ili mizizi iwahi naitreti ya mvua za kwanza. Mbolea ya kukuzia aitie mimea ikiwa imekwisha ota, kwa vipimo vidogo, na kuifukia. Kinachotorokea hewani kimetoka mfukoni mwake.

Wanafunzi waweza kulijaribu jambo hili. Tieni udongo mkavu katika chupa mbili zenye mdomo mpana, na ndani ya kila moja wekeni kikombe kidogo cha maji ya chokaa. Lowesheni udongo wa chupa moja tu, kisha zifungeni zote. Kesho yake linganisheni weupe wa maji ya chokaa.