Kabla Shujaa Wako Hajaruka, Mjengee Jiji

Umeshampata shujaa wako. Ana vazi, ana nguvu, ana jina la kutisha majambazi. Sawa. Sasa niambie: anaruka juu ya mabati ya wapi?

Hapo ndipo wengi wetu hukwama. Mimi hadithi yangu ya kwanza ya shujaa niliiweka Nairobi, tena kwenye mtaa halisi ambao leo sitautaja. Siku mbili baadaye jumbe zikaanza kuingia. Msee mmoja akaniuliza shujaa wangu ametoka Githurai hadi Westlands paa kwa paa, sasa Thika Road aliivuka vipi? Huyo tulicheka naye. Wa pili hakunichekesha. Alikuwa msichana wa huo mtaa. "Majambazi wako wote wanaishi kwetu," akaandika. "Hata mama mboga umemfanya jasusi. Nikienda kutafuta kazi niseme natoka huku, unadhani watanionaje?"

Sikuwa na jibu. Nikaifuta hadithi, nikaanza kusoma walionitangulia walifanyaje.

Superman alitoka mwaka 1938, akiwa kazi ya vijana wawili, Jerry Siegel na Joe Shuster. Mwaka uliofuata jiji lake likapewa jina, Metropolis. Shuster alizaliwa Toronto, Kanada, na majengo ya huko ndiyo aliyokuwa nayo akilini alipochora. Hata gazeti la Clark Kent mwanzoni liliitwa Daily Star, kwa sababu ya gazeti la Toronto alilolijua utotoni. Kwa hivyo usidanganyike: jiji la kubuni halitoki hewani. Linatoka mahali ulipopita ukiwa mdogo.

Batman naye alianza 1939, na mwanzoni aliishi New York. Kisha mwandishi Bill Finger akakutana na jina la duka la vito, Gotham Jewelers, kwenye kitabu cha simu. Gotham ni kijiji cha kweli Uingereza, ambacho hekaya inasema wakazi wake walijifanya wajinga ili mfalme asipite kwao. Mwaka 1807 Washington Irving alikuwa ameshalitumia jina hilo kuitania New York. Finger alitaka msomaji wa jiji lolote aone kwamba hili lingeweza kuwa lake. Hapo ndipo niliposhtuka. Kumbe jina la kubuni linafungulia watu wote mlango, na halimpaki mtu wa mtaa fulani matope.

Sisemi jiji halisi ni kosa. Spider-Man amekuwa kijana wa Queens, New York, tangu 1962, na yuko fiti tu. Lakini Stan Lee na Jack Kirby walipotaka taifa la Afrika lenye teknolojia kuliko dunia nzima, walilazimika kulibuni: Wakanda, 1966. Kule Afrika Kusini, Loyiso Mkize alimpa shujaa wake Kwezi jiji liitwalo Gold City. Ukijua Johannesburg ilizaliwa na dhahabu, hauhitaji kuelezwa zaidi.

Basi hebu tujenge lako. Anza na shida, si majengo. Gotham imeoza kwa ufisadi, ndiyo maana inahitaji mtu wa usiku. Jiji lako linakosa nini? Jibu hilo ndilo litakalomzaa shujaa, na adui pia.

Pili, chora ramani, hata nyuma ya risiti. Mwaka 1998 msanii Eliot R. Brown aliichorea Gotham visiwa na madaraja, kwa sababu kulikuwa na hadithi inayokuja ambamo jiji linakatwa kabisa kutoka bara. Bila madaraja, hadithi hiyo haingesimama. Wewe pia amua mto unapita wapi, steji iko wapi, na nani analala gizani stima ikipotea. Ukishaamua, usibadilishe kwa sababu shujaa amechelewa.

Tatu, jina. Nairobi inatokana na maneno ya Kimaasai ya maji baridi, na bado unajua tunavyobeba mitungi. Kwa hivyo jiji langu nimeliita Mferejini. Mifereji imejaa kila ploti, lakini haitoi kitu. Shujaa ni Zena, msichana wa mkokoteni anayesikia maji yakipita chini ya ardhi. Anajua bomba lilikatwa wapi na linaelekea kwa nani. Hapo sihitaji kumsingizia mtu wa mtaa wowote, na bado kila aliyewahi kununua maji kwa mtungi atajua ninazungumzia nini.

Lakini usijifiche nyuma ya jina la kubuni. Kama maskini wote wa jiji lako ni wezi, hujabuni chochote. Umebadilisha kibao cha barabarani tu.

Sura ya kwanza nilimtumia yule msichana kabla ya mtu mwingine yeyote. Alikaa kimya siku nzima, kisha akajibu: "Hii sasa naweza kumsomea mama. Lakini hapo Mferejini, mama mboga anauzia wapi?"

Sikuwa nimemchora. Nimerudi kwenye ramani.