Mchaichai Mlangoni: Kuupanda, Kuutumia na Pale Unapokomea

Vikundi viwili vimetuuliza kama tunaweza kuwatafutia mbegu za anjelika, ule mmea unaosifiwa sana katika vitabu vya bustani kutoka Ulaya. Jina lake linatokana na neno malaika, na huko kwao shina lake hupikwa kwa sukari, na mizizi na mbegu zake hutiwa maji ya moto kwa ajili ya tumbo. Tunajibu kwa ufupi. Anjelika ni mmea wa nchi za baridi na udongo wenye unyevu mwaka mzima. Mbegu zake hufa upesi zikiwekwa. Kuupanda Marafa au Fundisa ni kutupa pesa na maji. Ndugu zake wa ukoo mmoja, kama dania na karoti, wanaweza kujaribiwa kwetu katika miezi ya mvua, lakini hata dania kwenye joto letu hukimbilia kutoa maua kabla hujala majani ya kutosha.

Kazi ile ile ya kutia harufu, kutuliza tumbo na kupata kinywaji cha moto cha bei nafuu, sisi tunao mmea wa kuifanya, na mara nyingi uko kwa jirani. Ni mchaichai. Tumeonelea toleo hili tuueleze vizuri, kwa sababu unapandwa ovyo, unatumiwa ovyo, na tena unaaminiwa kupita kiasi.

Mchaichai ni jamii ya nyasi. Wataalamu huuita Cymbopogon citratus. Asili yake ni kusini mwa Asia, na leo umeenea Afrika Mashariki. Harufu yake ya ndimu inatokana na mafuta yaliyomo ndani ya majani. Jambo la kwanza la kujua ni kwamba mmea huu kwa kawaida hautoi mbegu. Basi mtu akikuletea pakiti ya mbegu za mchaichai, muulize maswali kabla ya kutoa shilingi. Mchaichai huongezwa kwa kupasua shina kuu na kugawa vichipukizi vyake, na jirani mwema hatakuuzia, atakupa.

Angalieni pia msichukue ndugu yake. Kuna nyasi nyingine inayofanana nao ambayo hutolewa mafuta ya kufukuza mbu. Ile ina wekundu chini ya shina, na harufu yake ni kali, si ya kupendeza kinywani. Mchaichai wa chai una shina jeupe au la kijani hafifu. Sugua jani kati ya vidole, unuse. Pua haidanganyi.

Namna ya kupanda. Chagua shina kuu lenye afya, lichimbe na mizizi yake, ukung'ute udongo, kisha upasue kwa mkono au kwa panga. Kila kipande kiwe na vichipukizi viwili au vitatu na mizizi kidogo. Kata majani ubakishe urefu wa kiganja kimoja, maana majani marefu hunyonya maji na kukausha mche kabla mizizi haijashika. Chimba shimo la kina cha jembe, changanya udongo na samadi ya mbuzi iliyooza (mbichi itaunguza), panda, shindilia kwa mguu. Kutoka mche hadi mche acha sentimita 60, na kutoka mstari hadi mstari sentimita 90. Mwanzoni mche mdogo unaonekana mpweke kwenye nafasi hiyo kubwa, na watu hushawishika kubananisha. Msibananishe. Baada ya mwaka shina moja linakuwa kama kapu.

Mchaichai hupenda jua. Ukiupanda chini ya mwembe utapata majani marefu, laini, yasiyo na harufu. Vile vile hautaki maji yanayotuama. Kwenye udongo wa mfinyanzi upande juu ya tuta.

Sasa tuje kwenye maji, maana Magarini kila mazungumzo ya kilimo yanaishia hapo. Wenye umri mkubwa wanaukumbuka mradi wa makazi wa Magarini uliosaidiwa na serikali ya Australia tangu miaka ya 1970. Fedha zilikuwepo, matrekta yalikuwepo, wataalamu walikuwepo, na tatizo la maji likawa miongoni mwa yale yaliyoushinda. Juzi tu, kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilifuatana bila kutosha katika sehemu kubwa ya nchi kavu ya Kenya. Kwa hiyo hatushauri mtu yeyote abebe ndoo kutoka mbali kwa ajili ya mchaichai. Maji ya kunywa ni ya watu.

Ndiyo maana tunasema mlangoni. Panda mashina mawili au matatu pale maji ya kuoshea vyombo na maji ya kuoga yanapomwagwa. Maji yenye sabuni kidogo hayaudhuru mmea huu, mradi leo umwage upande huu, kesho upande ule. Yenye dawa ya kung'arisha nguo msiyatumie. Kwa wenzetu wa upande wa Gongoni na Marereni, ambako visima vingi vina chumvi, mkiona ncha za majani zinakauka kama zimechomwa, punguzeni maji ya kisima na mngojee mvua. Tandazeni nyasi kavu au makumbi ya nazi kuzunguka shina ili unyevu usipotee. Kiangazi kikizidi, mmea utakauka juu na utaonekana umekufa. Msiung'oe haraka. Mara nyingi mizizi inaishi, na mvua ya kwanza inauamsha.

Mifugo haiupendi sana kwa sababu ya harufu, lakini mbuzi mwenye njaa mwezi wa Februari hachagui. Wekeni ua wa miiba. Na kuhusu nyoka, wapo wanaosema mchaichai hufukuza nyoka. Sisi hatuoni sababu ya kuamini hivyo. Shina kubwa lisilosafishwa ni maficho mazuri ya panya na vyura, na nyoka hufuata chakula chake. Ondoeni majani makavu ya chini, na shina lisiwe karibu sana na kizingiti.

Kuvuna ni baada ya miezi minne hadi sita. Kata kwa kisu kikali, ubakishe sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini. Vaa nguo ya mikono mirefu au funga kitambaa, kingo za majani hukata ngozi kama wembe. Baada ya hapo unaweza kuvuna kila miezi miwili au mitatu mvua ikiwepo. Ukiona michirizi ya rangi ya kutu kwenye majani, kata majani hayo uyachome, na upanue nafasi hewa ipite. Baada ya miaka mitatu au minne shina huzeeka katikati. Ling'oe, ugawe, upande mahali pengine.

Katika matumizi ya jikoni hakuna siri. Kwa lita moja ya maji twaa majani manne au matano mabichi, osha, yafunge fundo moja, tia maji yakichemka, epua, funika kwa dakika tano. Ukiendelea kuchemsha muda mrefu bila kifuniko, harufu yote inakwenda na mvuke na unabaki na maji machungu. Chai hiyo haina ile nguvu ya kumkosesha mtu usingizi iliyomo katika majani ya chai ya dukani, basi hata jioni inafaa. Iko faida nyingine ambayo akina mama wanapaswa kuijua: chai ya rangi ya dukani ikinywewa pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma ambayo mwili ungepata kutoka kwenye mboga na maharagwe. Mwenye upungufu wa damu ingemfaa kuitenga chai hiyo na mlo. Sukari, lakini, ni ile ile. Vijiko vinne ni vijiko vinne hata ndani ya mchaichai.

Ile sehemu nyeupe ya chini, iliyopondwa, hutiwa katika mchuzi wa samaki wa nazi. Watu wa Thailand hupika supu zao hivyo, nasi tuna samaki na nazi. Jaribuni. Itoeni kabla ya kupakua, ni ngumu kutafuna.

Tumefika mahali ambapo tunaomba msomaji asikimbie, na kama kikundi kina mtu wa kuwasomea wengine, asome taratibu. Mchaichai si dawa ya malaria. Tunalisema wazi kwa sababu tunaona nyumba ambazo mtoto akipata homa anapikiwa mchaichai na mwarubaini, anafushwa, anafunikwa blanketi, na siku ya tatu ndipo anapopelekwa dispensari. Malaria ya kwetu inaweza kumgeuza mtoto mdogo kuwa mahututi ndani ya siku moja. Mtoto mwenye homa apimwe damu siku hiyo hiyo. Wahudumu wa afya ya jamii katika vijiji vingi wanacho kipimo cha kidole. Akipata degedege, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, au akilegea asiamke vizuri, usingoje kitu chochote, hata usiku.

Wengine watatujibu kwamba dawa za hospitali nazo zinatoka kwenye majani. Ni kweli kabisa. Dawa ya vidonge inayotolewa Kenya tangu 2006 kutibu malaria ina sehemu iliyotokana na mmea wa Kichina, artemisia, na mama mwanasayansi aliyeongoza kazi hiyo, Tu Youyou, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini angalieni walivyofanya. Walitoa kilicho ndani, wakakipima, wakakijaribu, wakaweka kipimo kwa uzito wa mtu, na baadaye ikachanganywa na dawa ya pili ili vimelea visizoee. Shirika la Afya Duniani halikubali hata chai ya mmea huo wenyewe itumike kutibu malaria, kwa sababu kikombe hakina kipimo. Ikiwa artemisia ni hivyo, mchaichai tutausemaje?

Nchini Brazil, ambako watu wengi hunywa mchaichai kwa kuamini unatuliza wasiwasi na kuleta usingizi, watafiti waliwapa watu wenye afya chai hiyo na kuchapisha matokeo mwaka 1986. Hawakuona madhara, na pia hawakuona ule usingizi uliokuwa ukisifiwa. Kwetu sisi hiyo ni habari njema ya namna yake: kikombe ni salama kwa mtu mzima mwenye afya, na utamu wake unatosha kuwa sababu ya kukinywa.

Kujifusha kwa ajili ya mafua hakukatazwi kwa mtu mzima, lakini sufuria la maji yanayochemka chini ya blanketi pamoja na mtoto ni hatari ya moto. Msiwafushe watoto. Mama mjamzito anayeonja kikombe chepesi ni jambo moja, anayekunywa maji mazito yaliyochemshwa kama dawa ni jambo lingine. Huyo wa pili aulize kliniki kwanza. Na wenye vidonge vya presha au vya sukari wasiviache kwa sababu jirani amesema mchaichai unatosha. Presha haiumi inapopanda, ndiyo maana inadanganya.

Kuhusu kuuza, tuna maoni yetu. Kikundi kizima kikipanda mchaichai na kupeleka soko moja siku moja, kila fungu litarudi nyumbani. Mmea rahisi kupanda ni mmea ambao kila mtu anao. Kabla ya kulima eneo kubwa, watumeni wanachama wawili waende Malindi na Watamu, kwenye mikahawa na kwa wauza mboga, waulize mambo matatu: wanachukua mabichi au makavu, kiasi gani kwa wiki, na wanalipa lini. Hilo la tatu ndilo linalovunja vikundi. Eneo la mita 10 kwa mita 10 kwa nafasi tulizotaja linachukua miche kama 185, basi anzeni na robo yake. Makavu yana faida kwa kuwa hayaozi: yakateni vipande, yaanikeni kivulini penye upepo siku kadhaa mpaka yavunjike mkononi, wekeni katika chombo kikavu kinachofunga. Msianike juu ya mabati juani. Yatakauka upesi kweli, na harufu itakuwa imekwenda zake.

Kwa matumizi ya nyumbani hesabu ni nyepesi. Kikundi cha watu 25, kila mmoja akipewa miche mitatu, kinahitaji miche 75. Shina moja lililokomaa hutoa miche 20 au zaidi, hivyo mashina manne yanatosha. Tafuteni sasa ni nani kati yenu anayo. Mvua za mwaka zikishika vizuri, mwezi wa Aprili, wanachama hao wang'oe asubuhi ya siku ya mkutano, wafunge miche katika gunia lililoloweshwa, na kila mtu apande kabla ya jua la kesho yake. Katibu aandike nani amechukua mingapi, ili mwaka unaofuata kila mmoja arudishe miche mitatu kwa kikundi kilicho jirani.